Binti wa Kwenye Simu

Kudra alikuwa na tabia moja ambayo mama yake aliiona kama ugonjwa. Kabla ya kunawa uso, kabla hata ya kuulizwa ameamkaje, alikuwa anapiga namba ya Lifti na kujisikiliza mwenyewe. Si kwa kujipenda. Alitaka uhakika kwamba umeme haukukatika ukaondoka na mtambo, na kwamba mkulima wa Kitanga akipiga simu alfajiri ile atapokelewa na mtu.

Asubuhi hiyo, siku moja kabla ya kuizindua huduma yao Kibondo, alipiga akiwa bado kajifunika shuka, maana baridi ya Kasulu mwezi wa saba haina huruma na mtu. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Mwakeye, karibu Lifti," ilisema sauti ya mwanamume, kwa salamu ya Kiha. "Kama una mzigo na unatafuta gari, bonyeza moja. Kama una gari na lina nafasi, bonyeza mbili."

Aliitoa simu sikioni akaitazama. Namba ilikuwa ileile. Akairudisha sikioni. Maneno yalikuwa yake yote, hata ule mtuo mfupi kabla ya "bonyeza mbili" aliouweka ili wazee wapate nafasi ya kuitafuta miwani. Lakini sauti ilikuwa ya Saady. Saady wake. Sauti ileile iliyomwambia jana jioni kwa upole, "Kesho kutwa mimi na wewe tutakuwa watu wengine, Kudra," leo ilikuwa inawaambia watu wa wilaya nzima wabonyeze moja.

Akaketi kitandani. Baridi ilikuwa imemtoka yote.

Ili uelewe kwa nini binti wa watu aliketi hivyo, ni lazima uijue Lifti. Malori yanayoleta saruji na soda kutoka Kahama yalikuwa yanashusha mzigo mjini na kurudi matupu, yakipita mlangoni mwa vijiji ambako maharage na mihogo vinaozea ndani kwa kukosa gari. Kudra alikulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, Mzee Omary, muuza bati na misumari, na malalamiko hayo aliyasikia tangu akiwa hajafika kimo cha kaunta. Alipokutana na Saady, kijana wa Kibondo aliyekuwa amemaliza chuo na kurudi nyumbani na kompyuta na mawazo mengi, wakaanza huduma ya simu ya kuyakutanisha malori hayo na wenye mizigo. Saady alitengeneza tovuti ya madereva. Nsimire, binti wa Kikongo aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kujifunza programu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, aliutunza mtambo usiku na mchana. Kudra alikwenda vijijini.

Na kwenda vijijini si kusema tu. Alipanda bodaboda za Kitanga kwenye matope mekundu mpaka sketi ikawa haifuliki. Wiki ya kwanza mtambo ulipeleka malori mawili kwa bibi mmoja mwenye gunia moja, madereva nusura washikane mashati, na ni yeye aliyekwenda kuomba radhi huku akicheka ili asilie. Ujumbe wa maandishi ulipogoma, kwa kuwa nusu ya wakulima walikuwa hawausomi, ni yeye aliyesema watu wale wanataka kusikia mtu. Akajifunika mablanketi mawili chumbani kwa mama yake ili makelele ya mtaani yasiingie, akarekodi kila neno, kwa Kiswahili na kwa Kiha alichokiokota dukani, akarudia na kurudia hadi jasho likamlowesha. Siku hizi akienda sokoni kununua nyanya, akifungua tu mdomo, wanawake hugeuka. "Kumbe ni weye. Binti wa kwenye simu."

Huyo ndiye aliyefutwa.

Alimpigia Nsimire.

"Dada Kudra, uliamuka aje?"

"Nsimire, sauti yangu iko wapi?"

Kisha Nsimire akazungumza taratibu, na Kiswahili chake cha Kongo kikawa kizito zaidi, kama kilivyokuwa kila alipoingiwa na hofu. "Saady alinitumia ile ya kwake jana mangaribi. Akaniambia mulipatana. Akasema weye ulichoka na sasa utakuwa unafanya ndoa. Mi nikasema bon, ni sawa, ni mambo yenu. Donc, kumbe haukukuwa unajua?"

"Nimejua sasa hivi, mdogo wangu."

"Pardon, dada. Pardon sana. Ya kwako sikuifuta. Niko nayo. Niirudishe?"

Kudra alitaka kusema ndiyo. Neno lilishafika ulimini. Lakini alikuwa anampenda yule kijana, na mtu anapopenda huwa anatafuta kwanza maelezo. Akamwambia Nsimire asubiri, kwamba lazima kuna sababu.

Sababu ilikuwepo, na ndiyo iliyokuja kumchefua.

Ofisi ya Lifti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, karibu na stendi. Alimkuta Saady ameinamia kompyuta, shati jeupe limepigwa pasi tayari kwa safari ya Kibondo, na zile kope zake ndefu ambazo mama mmoja wa Kakonko aliwahi kusema ni dhambi kumpa mwanamume. Alipoinua uso akatabasamu, moyo wa Kudra ukafanya kile ulichozoea kufanya, ukamlainikia. Alichukia jambo hilo.

"Umewahi leo," alisema Saady.

"Nimepiga simu."

Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka. Akaanza kuupapasa unyusi wake kwa kidole gumba. Kudra aliijua ishara hiyo. Aliwahi kuiona siku Saady alipomdanganya mmiliki wa chumba kuhusu kodi.

"Nilitaka kukwambia leo," alisema.

"Ulitaka kuniambia leo jambo ulilolifanya jana."

"Kaa basi tuongee."

"Nitaongea nikiwa nimesimama."

Saady alipumua, akafunika kompyuta. "Unajua leo baada ya alasiri Mzee Bukuru anakuja kwenu kuchukua jibu la posa."

"Najua. Mama anachambua mchele tangu juzi. Sasa Mzee Bukuru na sauti yangu wanahusiana nini?"

"Baba mkubwa ndiye aliyemtuma, Kudra. Mimi sina baba, unajua. Yule ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisomesha, na hakuna mtu wa ukoo wetu Kibondo atakayenyanyuka kwenda kuposa bila yeye. Alisikia ile namba. Dereva wake mmoja alimpigia akamwekea sauti kubwa, akamwambia huyu ndiye mkwe wako mtarajiwa, anaongea na kila mwanamume kuanzia Kahama mpaka Manyovu. Mzee akachafuka. Akasema hatamtuma mtu kuposa sauti inayochezewa na madereva."

"Inayochezewa."

"Ni neno lake, si langu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Saady akaushika tena unyusi.

"Ukamjibu nini, Saady?"

"Nilimwambia itaondoka. Na kwamba ukishaolewa utatulia nyumbani, na Lifti nitaiendesha mimi. Ndiyo maneno aliyobeba Mzee Bukuru kwa baba yako tangu wiki ile ya kwanza. Lakini nisikilize. Ni maneno tu ya kumtuliza mzee. Tukishaoana, tuko ndani kwetu, nani atajua unafanya nini? Baada ya muda unarudi taratibu, kwa nyuma, unanisaidia."

"Nakusaidia."

"Kudra, usikamate neno moja moja."

Msomaji, sijui kama uliwahi kunyang'anywa kitu na mtu anayekitoa mkononi mwako kwa upole, kidole baada ya kidole, huku akikuangalia kwa mapenzi. Mwizi wa kuvunja mlango unampigia kelele, majirani wanatoka. Huyu wa upole utamwitia nani? Kudra alisimama pale akimtazama kijana aliyempenda, na alichokisikia hakikuwa huzuni. Huzuni ingekuja baadaye, ina zamu yake. Alikuwa na hasira iliyomfanya ahisi meno yake yote.

"Wiki tatu," alisema, "mzee wa watu anakwenda na kurudi nyumbani kwetu na maneno yanayonihusu mimi, baba anayajua, baba yako mkubwa anayajua, dereva wa baba yako mkubwa anayajua. Mimi na wewe tulikuwa wote kila siku kwenye chumba hiki. Tunakula mihogo kwenye sahani moja. Hukupata nafasi ya kuniambia?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Saady akaanza kuzipanga upya karatasi za mezani.

"Ulijua kwamba ningekataa, ndiyo maana hukuniuliza. Usiniambie ni kwa ajili yetu. Mtu hafanyi jambo kwa ajili ya mwenzake huku akijua mwenzake hataki."

Simu ya ofisi ikalia. Saady aliikimbilia kama mtu aliyeokolewa, akabonyeza sauti kubwa ili Kudra naye asikie na kukumbuka kuwa wana kazi.

"Lifti, karibu."

"Mwakeye," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia. "Mi ni Mama Esteri wa Kitanga. Nipe yule mkobwa, binti wa kwenye simu."

"Mama, mimi nitakusaidia. Una mzigo gani?"

"Nipe yule mkobwa, nasema. Asubuhi nimepiga napata mwanamume, nikakata. Nikapiga tena, mwanamume. Mume wangu ananiuliza ni nani unampigia kila mara unakata. Mnatuletea ugomvi nyumbani. Yule mkobwa amekufa?"

"Hapana, mama, yupo. Tumebadilisha tu."

"Mmebadilisha mkamuuliza nani? Maharage yangu nitayakalia mpaka arudi." Akakata.

Wakati mwingine wowote wangecheka hadi wakashika mbavu. Saady hata alianza, akainua macho kuyatafuta ya Kudra, kama walivyozoea kutafutana macho kila mteja alipotoa kituko. Hakuyapata.

"Umesikia mwenyewe," alisema Kudra.

"Watazoea."

Neno hilo lilimuuma kuliko yote yaliyotangulia. Alimkumbuka Saady wa msimu uliopita, njia ya Kakonko, pikipiki imezama kwenye tope hadi ekseli na wao wawili wanaisukuma wakibishana iwapo waende kwanza kwa madereva au kwa wakulima. Walibishana mpaka mvua ikaanza upya. Saady, uso mzima umetapakaa matope, alisimama ghafla akasema, "Mimi nikioa, nitaoa mtu anayenibishia hivi." Hakuwahi kumtamkia mapenzi kwa namna nyingine, na Kudra alijiambia hahitaji nyingine. Alilala na maneno yale kichwani, akaamka nayo.

"Baba yako mkubwa," alisema, "dukani kwake Kibondo anayesimama mlangoni kuita wateja ni nani?"

"Kudra, tafadhali."

"Ni mkewe mdogo. Nimemwona kwa macho yangu. Anaita wapita njia, waume kwa wake, na sauti yake inavuka barabara. Hiyo haichezewi, kwa kuwa inauza vitenge vya mzee. Ya kwangu inachezewa kwa kuwa inauza kitu changu."

Saady alizunguka meza. Akaichukua mikono yake yote miwili, na mikono ya Kudra, wasaliti wale, haikujitoa. "Nakupenda," alisema. "Hujawahi kunisikia nikilitamka, nalitamka leo. Nakupenda, na nimeogopa kukukosa, nikafanya nililofanya. Leo wakikuuliza, nyamaza tu. Si ndiyo desturi? Binti akinyamaza, amekubali. Huna haja ya kusema neno. Nyamaza leo tu, mengine yote niachie mimi."

Alikuwa ametamani kulisikia lile neno kwa muda mrefu hivi. Na lilipokuja, limeambatanishwa na ombi la kumnyamazisha. Aliitoa mikono yake taratibu.

"Nani atazungumza kesho Kibondo?" aliuliza.

"Nilidhani mimi."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Mbele. Utakaa na wanawake, mstari wa mbele kabisa."

Kudra alichukua mkoba wake akatoka. Mwenye duka la fotokopi alimsalimu, hakumsikia.

Nyumbani alikuta vumbi limemwagiwa maji na mkeka mpya umetandikwa sebuleni. Shangazi Safina, dada wa baba yake, alikuwa amefika kutoka Ujiji na marashi yake na amri zake. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumuuliza bibi harusi mtarajiwa, kwa kuwa katika nyumba ile baba hamuulizi binti yake jambo hilo ana kwa ana.

"Mwanangu, oga haraka," alisema. "Halafu ukae chumbani kwa mama yako, pazia nitalishusha. Nitakuja kukuuliza. Unainama, unanyamaza, mimi napiga vigelegele, kazi imekwisha. Mwenzio nilikuwa nacheka kimoyomoyo siku yangu, karibu niharibu."

"Shangazi, unajua walichoomba?"

Safina aliyakwepa macho yake, akajifanya kulikunja upya pindo la pazia. "Wanaume wanaomba mengi. Wewe ingia kwanza, mengine utayapanga ukiwa ndani."

"Wewe uliyapanga?"

Shangazi aliliacha pindo. Alikuwa zamani fundi cherehani aliyesifika Ujiji nzima, mpaka alipoolewa. Cherehani ilikuwa bado chumbani kwake, juu yake amepanga vyombo. "Nenda ukaoge," alisema kwa sauti ndogo.

Baada ya alasiri Mzee Bukuru alifika, kanzu nyeupe, kofia ya kazi nzuri, na mwenzake mmoja wa kushuhudia. Alikuwa mshenga wa miaka mingi, mwenye maneno yaliyopangika kama vikombe kabatini. Kudra, nyuma ya pazia, alimsikia akisalimu, akiwaombea dua waliotangulia, akisifia kahawa, akiusifia mji wa Kasulu, hadi akafika alikokuwa anakwenda.

"Yale maneno ya mwanzo, Mzee Omary, kijana wetu ameshayatimiza. Ile sauti ameiondoa jana. Tumepiga wenyewe tukahakikisha. Kwa hiyo binti akiingia kwetu anaingia ametulia, hana mambo ya madereva."

Kudra alisubiri baba yake aseme neno. Mzee Omary alikuwa mtu mkali wa kaunta, hakuna mteja aliyewahi kumtoa kwenye bei yake. Alingoja asikie ule ukali.

"Nimefurahi," alisema Mzee Omary. "Nisiwafiche, hata mimi lile jambo lilinikera. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia. Mmenirahisishia."

Mama yake, aliyeketi pembeni ya Kudra kitandani, aliushika mkono wake akaubana. Haikujulikana anamfariji au anamzuia asiinuke. Pengine mwenyewe hakujua.

Pazia likafunuka, Safina akaingia. Kule sebuleni wanaume walinyamaza ili kusikiliza. "Kudra binti Omary," alisema kwa sauti rasmi iliyomtetema kidogo, "amekuja kijana Saady wa Kibondo, anakutaka uwe mke wake, na baba yako ameridhia. Nawe unasemaje?"

Kudra aliinama. Hakuinama kwa aibu. Aliona vidole vyake vya miguu, na ukucha mmoja bado una tope jekundu la Kitanga lisilotoka. Wilaya nzima ilijua namna anavyotamka neno "karibu", na nyumbani kwao walikuwa watu watano wamebana pumzi wakiomba asitamke kitu. Alifikiri, nikinyamaza nitampata. Ni kweli angempata. Kope zile, mikono ile, kicheko kile, na vyote vingekuwa vyake kwa halali. Alitamani kunyamaza. Ni lazima tumtendee haki, alitamani sana.

Shangazi alivuta pumzi, ulimi ukajikunja tayari kwa kigelegele.

"Nina swali," alisema Kudra.

Kigelegele kilimkwama Safina kooni. Mama akauachia mkono. Na kabla mtu hajajua la kufanya, Kudra alikuwa amelipita pazia na kusimama sebuleni mbele ya wanaume, mtandio begani, simu mkononi.

"Shikamooni, wazee."

Mzee Bukuru aliitikia kwa mazoea tu, kikombe hewani. Mzee Omary alisema, "Kudra, rudi ndani."

"Nitarudi, baba. Simkatai Saady." Aliurekebisha mtandio begani. "Nampenda. Naomba radhi kulisema mbele yako, sikufundishwa hivyo, lakini nimefutwa mara moja leo na sitaki kufutwa mara ya pili. Nampenda na nataka kuolewa naye. Ninachokikataa ni haya maneno mengine. Nataka kujua ni ya nani."

"Binti," alisema Mzee Bukuru, bado mpole, "maneno ni ya kijana, nimeyabeba mimi. Ndiyo kazi ya mshenga. Muoaji haji kusema mwenyewe."

"Basi asije. Ayaseme akiwa hukohuko aliko."

Akabonyeza jina la Saady, akaweka sauti kubwa, akaiweka simu juu ya mkeka katikati ya vikombe vya kahawa. Mzee Omary aliinua mkono kuizuia, lakini ilikuwa imeshapokelewa.

"Kudra? Wameshakuuliza?" Sauti ya Saady ilijaa chumba kizima, ya haraka, yenye matumaini. "Umenyamaza?"

Mwenzake Mzee Bukuru akakohoa.

"Saady, nipo sebuleni. Baba yupo hapa, na Mzee Bukuru yupo, na shangazi na mama wanasikia. Sikuulizi mengi. Lifti tuliianza wangapi?"

"Watatu," alisema Saady.

"Kesho Kibondo, mbele ya baba yako mkubwa na watu wake, utasimama useme hivyo? Useme huyu ndiye mke ninayemtaka, na ile sauti ni yake, na itarudi? Ukisema ndiyo, sasa hivi narudi nyuma ya pazia na shangazi anapiga vigelegele. Nakuahidi mbele ya baba yangu."

Akangoja.

Hakuna aliyegusa kahawa. Mama yake alikuwa amekuja mpaka kwenye pazia, kalishika kwa mikono miwili. Kudra aliitazama ile simu kwa macho makavu, akamwombea. Ndiyo, alimwombea yule mtu aliyemkosea, amwombee nani mwingine? Sema, Saady. Neno moja. Ulinibishia tope likiwa limekujaa mdomoni, sasa hivi mdomo wako mtupu.

"Labda mtandao umekata," alisema Mzee Bukuru, akijaribu kumsitiri kijana wake.

"Haujakata, mzee," alisema Kudra. "Namsikia anapumua."

Na kweli alikuwa anasikika. Wote walimsikia. Pumzi zilikuja na kwenda, na mara moja zikajikusanya kana kwamba neno linakuja, kisha zikaishia zenyewe.

Mzee Omary alimtazama binti yake, akaitazama simu, na kitu fulani usoni kwake kikaanza kubadilika, kama siku anapoletewa bati akalipima kwa vidole na kukuta si lile aliloliagiza. "Kijana," alisema akiiinamia simu, "binti yangu amekuuliza."

Pumzi tu.

Sauti ya Kudra ilipotoka ilikuwa ileile ya kwenye simu, iliyotulia, yenye mituo yake, sauti ambayo Mama Esteri alikuwa tayari kuyakalia maharage yake kwa ajili yake. Ni mwisho tu ilipotaka kukatika.

"Mzee Bukuru, mmesema nikinyamaza nimekubali. Basi na yeye mpokeleeni hivyohivyo. Amenyamaza. Amemkubali baba yake mkubwa. Mwambieni mzee huyo awapigie vigelegele."

Hakuinama kuikata simu. Aliiacha pale mkekani ikiwa wazi, akampa kila nafasi ambayo mwanamke anaweza kumpa mwanamume bila kupiga magoti, akasimama na kungoja, na wote wakangoja naye.

Kisha simu ikakatwa, na si yeye aliyeikata.